Pikipiki ya Jake DeRosier haikuwa na breki, je na mimi nitoe za kwangu?

"Shikamoo fundi. Nina miaka 24, nina gereji ndogo ya pikipiki. Nimeona picha ya zamani ya mwendeshaji anaitwa Jake DeRosier yuko kwenye pikipiki ya Indian, wanasema alishinda mbio 900 na ile pikipiki haikuwa na breki wala klachi. Mimi na wenzangu wawili tunaunda pikipiki ya mbio ya cc 150 kwa ajili ya uwanja wa vumbi, na mmoja wetu anasema tutoe breki zote kama yeye ili iwe nyepesi ipate spidi. Je ni kweli breki zinapunguza spidi? Na huyu jamaa alikufaje hasa, maana sehemu moja nimesoma ajali ilikuwa 1912 na nyingine wanasema kafa 1913? Naomba unijibu kwa kirefu."

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma swali lako mara mbili maana nimeona lina maswali mawili ndani yake, moja la historia na moja la spana, na la spana ndo linanitia wasiwasi kwa sababu wewe unauliza huku pikipiki iko tayari imefunguliwa hapo gereji. Nitakujibu yote ila nianze na mtu mwenyewe, ukimwelewa yeye hilo la breki litakuwa jepesi.

Jake DeRosier alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1880, familia ikahamia jimbo la Massachusetts Marekani akiwa bado mtoto mdogo. Hakuanzia kwenye pikipiki, alianzia baiskeli. Miaka ile mashindano ya baiskeli kwenye viwanja vya mviringo yalikuwa yanajaza watu kweli kweli, na kulikuwa na mchezo ambao baiskeli inatanguliwa na chombo cha injini, mwenye baiskeli anajibana nyuma yake asipigwe na upepo, hivyo anakimbia mwendo ambao miguu peke yake isingeweza. Umeshaona kijana wa baiskeli anavyojiweka nyuma ya lori barabarani, ghafla anakuwa mwepesi? Ndo hicho hicho. DeRosier akaingia kwenye kuendesha hivyo vyombo vya kuongozea, na nakuomba ukumbuke jambo hili la upepo maana litarudi huko mbele.

Hata kampuni ya Indian yenyewe imetokea kwenye mchezo huohuo. George Hendee alikuwa bingwa wa baiskeli, Oscar Hedstrom alikuwa fundi anayeunda vyombo vya kuongozea, wakakutana, na mwaka 1901 wakaanza kutengeneza pikipiki pale Springfield, Massachusetts. Walipohitaji mtu wa kuzikimbiza, DeRosier alikuwa mtu wao kabisa, na akawa jina kubwa kuliko wote upande wa Indian kwa miaka kadhaa.

Kuhusu mbio 900: hiyo namba inatajwa sana na mimi sibishani nayo, ila usiichukulie kama mbio za leo ambapo bingwa anakimbia mara ishirini na kitu kwa mwaka. Kwenye viwanja vile jioni moja ilikuwa na mbio nyingi fupi fupi, za maili moja, mbili, tano, halafu na zile za watu wawili tu wanapambanishwa. Mbio ya maili 5 kwa mwendo wa maili 75 kwa saa inaisha kwa dakika 4. Mtu anashinda, anakunywa maji, anarudi tena kukimbia usiku huohuo. Kwa hiyo 900 inawezekana, na mimi naona inaonyesha zaidi jinsi alivyokuwa anajiweka kwenye hatari mara nyingi kuliko jinsi alivyokuwa anashinda. Mashine zile zilikuwa zinakatika cheni, zinapasuka tairi, zinabana pistoni, na kila mara yeye yuko juu yake.

Sasa breki. Ni kweli, pikipiki zao za uwanjani hazikuwa na breki. Hazikuwa na klachi, hazikuwa na gia za kubadilisha, na nyingi hata akseleta haikuwepo kwa maana unayoijua wewe, karibureta ilifunguliwa moja kwa moja ikabaki hivyo. Ili iwake ilibidi isukumwe au ivutwe na pikipiki nyingine mpaka injini ishike, na ikishika imeshika, hamna kusubiri. Mwendeshaji alikuwa na kitufe kwenye usukani kinachokata umeme wa plagi, akikibonyeza injini inanyamaza na mgandamizo wa silinda unaivuta pikipiki nyuma, akiachia inalipuka tena. Jaribu mwenyewe: weka pikipiki yako gia ya kwanza ikiwa imezimwa, achia klachi, halafu isukume. Huo uzito unaousikia kwenye mikono ndo "breki" aliyokuwa nayo DeRosier, na hapo kwenye mwendo mkubwa ni kidogo sana.

Oili nayo haikuwa inazunguka kama kwenye injini yako. Kulikuwa na pampu ya mkono, mwendeshaji anapiga pampu huku anakimbia, oili inaingia kwenye injini, inafanya kazi yake na inatoka nje, basi, hairudi. Na kwenye injini za mbio walitoboa matundu chini ya silinda ili moshi utoke haraka pistoni ikifika chini, kwa hiyo kila mzunguko wa injini moto na oili vinaruka nje, vinampiga mwendeshaji miguuni na vingine vinaanguka kwenye njia. Na njia yenyewe ni mbao. Mbao kabisa mdogo wangu, zimepigwa misumari moja kando ya nyingine, uwanja umeinuliwa pembeni kama bakuli. Ule wa Playa del Rey karibu na Los Angeles uliofunguliwa 1910 ulikuwa duara la maili moja. Vilivyokuja baadaye mijini vilikuwa vidogo zaidi na vingine vimesimama mpaka nyuzi 60, ukikaa chini ukatazama juu unaona ukuta. Ukianguka pale huchubuki tu, vibanzi vya mbao vinakuingia mwilini.

Kwa nini basi hawakuweka breki? Hapa ndo rafiki yako amekosea. Hazikutolewa kwa ujasiri na wala sababu kubwa haikuwa uzito peke yake. Kwenye uwanja wa bakuli hakuna kona ya kupunguzia mwendo, ule mwinuko wenyewe unakubeba, unapita pote moto umefunguka. Wote mnaenda upande mmoja, hakuna anayekatiza, hakuna gari linalotoka barabara ya pembeni. Breki za wakati ule zilikuwa dhaifu na zinashika bila mpangilio, ukibana gurudumu la nyuma kwenye mbao zenye oili linateleza papo hapo. Halafu kuna aliye nyuma yako, futi chache tu, amejibana kwenye upepo wako. Yeye hana breki. Wewe ukifunga yako umemuua na amekuua. Kwa hiyo mpango ulikuwa: ama wote wawe nazo ama asiwe nazo hata mmoja, na walichagua hilo la pili. Ilikuwa na akili ndani yake, ila ni akili ya mahali pale tu.

Tukija kwenye swali lako la spidi, breki haipunguzi spidi ya juu kama haigusi. (Kama inagusa basi rekebisha, usiitoe.) Kinachokuzuia kwenda mbio zaidi ni upepo, na upepo ni mkali kuliko watu wanavyofikiria: ukiongeza mwendo kutoka kilomita 100 mpaka 120 kwa saa, nguvu unayohitaji kuupasua upepo haiongezeki kwa asilimia 20, inaongezeka kwa zaidi ya 70. Uzito unausikia wakati wa kuondoka na wakati wa kutoka kwenye kona, hapo ndo kilo chache zina maana kidogo. Kwa injini ya cc 150, kilo tatu nne utakazozipata kwa kutoa breki utazipata vilevile kwa kutoa taa, kikapu cha nyuma, stendi, kiti kirefu, na ukibadilisha sproketi ya nyuma ukaweka inayofaa uwanja wako utaona tofauti kubwa kuliko hizo zote.

Na kuhusu upepo, rudi kwa DeRosier. Mwaka 1911 ndo mwaka wake mkubwa, na ndo mwaka unaonyesha vizuri alikuwa mtu wa aina gani. Indian walimpeleka Uingereza kwenye mashindano ya Tourist Trophy, kisiwa cha Isle of Man. Mwaka ule ndo mara ya kwanza mbio zilipitishwa kwenye njia ya mlima, mzunguko mmoja zaidi ya maili 37, na mbio kubwa ilikuwa mizunguko mitano, karibu kilomita 300 za barabara ya vumbi na mawe. Pikipiki nyingi za Kiingereza zilikuwa bado zinatumia mkanda, Indian zilikuja na cheni na gia mbili, na kwenye kupanda mlima hapo ndo mchezo uliisha. Oliver Godfrey alishinda kwa wastani wa maili 47.63 kwa saa, Charles Franklin wa pili, Arthur Moorhouse wa tatu, wote Indian. Charlie Collier wa Matchless, kampuni ya Kiingereza, alikuwa amemaliza wa pili ila wakamfuta kwa kosa la kujaza mafuta pasiporuhusiwa.

DeRosier yeye? Aliongoza mzunguko wa kwanza, halafu akaanza kuanguka. Mtu ambaye amekulia kwenye bakuli la mbao, kona moja tu ya kushoto maisha yake yote, sasa ana breki, ana gia, ana kona za kulia na kushoto, ana mawe. Akamaliza nyuma, wa 12, na mwishoni wakamfuta kwenye matokeo kwa sababu ya matengenezo yaliyokwenda kinyume na kanuni. Nakueleza hili makusudi. Huyo unayetaka kumwiga, bingwa wa Marekani nzima, alipotoka kwenye uwanja wake akaenda kwenye njia ya aina nyingine aliumia. Ujuzi wake ulikuwa wa kweli lakini ulikuwa umeshonwa kwa ajili ya uwanja mmoja.

Wiki mbili hivi baadaye akaenda Brooklands, uwanja wa zege karibu na London wenye mzunguko wa maili 2 na robo tatu, kupambana na Charlie Collier mwenyewe, wawili tu, mbio tatu, wa kushinda mbili ndo mshindi. Hapa sasa alikuwa nyumbani. Mbio ya kwanza mizunguko miwili: alijibana nyuma ya gurudumu la Collier, amelala kwenye tangi, Collier anapasua upepo kwa ajili ya wote wawili, na karibu na mwisho akachomoka pembeni akampita kwa kidogo tu. Lile somo la baiskeli na chombo cha kuongozea, umeliona? Mbio ya pili mizunguko mitano, tairi la mbele likapasuka akiwa kwenye mwendo wa kutisha na aliishikilia pikipiki mpaka ikasimama bila kuanguka. Mimi nimeendesha pikipiki miaka mingi na hapo huwa najiuliza alishikaje usukani ule, mwembamba, mrefu, rimu tupu juu ya zege. Ya tatu mizunguko kumi, umeme wa injini ya Collier ukamsumbua na DeRosier akashinda, mbili kwa moja. Siku hizohizo aliweka pia rekodi ya kilomita moja, karibu maili 89 kwa saa, kama kilomita 143, na mwezi uliofuata Collier akaipita kwa zaidi ya maili 91.

Aliporudi Marekani mambo na Indian yaliharibika na mwaka huohuo wakaachana, akaenda kwa wapinzani wao, Excelsior wa Chicago. Watu wengine wanasimulia kama usaliti, mimi sioni hivyo, dereva wa mbio ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine na mashine anayopewa ndo riziki yake na ndo roho yake.

Sasa kifo, hizo tarehe mbili ulizoziona zote ni sahihi. Machi 1912 kwenye uwanja wa mbao wa Los Angeles alikuwa anapambana na Charles Balke, waliyemwita "Fearless", yaani asiye na woga. Wakiwa mwendo mkubwa pikipiki ya Balke ikayumba mbele yake wakagongana. Mguu wa DeRosier ulivunjika vibaya sana. Hakufa pale. Alilala hospitali miezi, akapasuliwa, akarudi Springfield, akapasuliwa tena, na baada ya operesheni ya tatu alifariki tarehe 25 Februari 1913 akiwa na miaka kama 33. Siku ya mazishi msafara ulipita mbele ya kiwanda cha Indian, na Hendee, yule waliyeachana naye, aliagiza kazi isimame na bendera ishushwe nusu mlingoti. Balke naye alikufa 1914 akiwa mazoezini. Na Septemba 1912, katikati ya mateso ya DeRosier, Eddie Hasha aliruka ukuta kwenye uwanja wa mbao wa Newark, New Jersey, akafa yeye na mwenzake Johnny Albright na watazamaji kadhaa, wengine vijana wadogo waliokuwa wameinama kuangalia ndani. Baada ya hapo magazeti yakageuka, watu wakaanza kuviita viwanja hivyo viwanja vya mauaji.

Wengi wanasema "angekuwa na breki angepona". Hapana. Kwenye mwendo ule ni kama mita 40 kwa sekunde, na aliyeyumba alikuwa mita chache tu mbele. Hamna breki ya 1912 wala ya leo ingeingia hapo katikati, hata kidole hakijafika kwenye mkono wa breki mmeshagongana. Kilichomponza ni ukaribu ule ule uliomfanya ashinde, na baadaye mguu. Enzi hizo mfupa ukivunjika ukatoka nje ya ngozi uchafu ukaingia, daktari alikuwa na kisu na dawa ya kuosha tu, penisilini ilikuja kugunduliwa 1928 na kuanza kutumika kwa wagonjwa miaka ya 1940. Mguu uliovunjika uliweza kumuua mtu taratibu mwaka mzima.

Hapo naomba nisimame kidogo maana nimeliona kwa macho yangu. Kuna kijana alikuwa anajifunza kazi kwangu, alianguka na pikipiki ya mteja, mfupa wa chini ya goti ukatokeza kidogo tu, kitundu kama cha punje ya mahindi. Nyumbani wakasema wampeleke kwa mzee anayeunga mifupa, wakafunga mbao na dawa ya majani. Siku ya tano mguu unanuka. Hospitali waliuokoa lakini alikaa miezi saba na leo anachechemea. Mfupa ukivunjika na pana kidonda hata kidogo juu yake, funika kitambaa safi, usiurudishe ndani, usiukande, hospitali muda huohuo, masaa ya mwanzo ndo yana maana.

Turudi kwenye pikipiki yenu. Sitaki ufikiri pikipiki isiyo na breki ni kichaa moja kwa moja, maana mpaka leo ipo: spidiwei. Wanakimbia wanne, mizunguko minne, uwanja wa udongo, injini cc 500, gia moja, hamna breki kabisa. Lakini angalia wana nini badala yake. Kanuni inamkataza kila mmoja kuwa na breki, hivyo wote wako sawa. Wanapunguza mwendo kwa kuitupa pikipiki pembeni, ujuzi unaochukua miaka, mguu wa kushoto una kiatu cha chuma. Ukuta una mito ya hewa. Nyinyi mna uwanja wa vumbi ambao nadhani mbuzi wanapita na watoto wanasimama ukingoni, na wenzenu watakaokuja kukimbia watakuwa na breki. Mchanganyiko huo ndo mbaya kuliko yote, mmoja anafunga na mwingine hawezi.

Ushauri wangu ni huu: toeni ya mbele kama uwanja ni vumbi jepesi na mnakimbia duara tu, maana ya mbele kwenye vumbi ukiibana vibaya inakulaza chini, hata wale wa mbio za udongo za Marekani wanakimbia na breki ya nyuma tu. Ya nyuma ibaki, na iwe nzima, viatu vya breki vipya, kebo mpya au fimbo iliyonyooka. Uwanja ukiwa na kona za kulia na kushoto zote mbili zibaki bila mjadala. Na kabla hamjakimbia, pelekeni fremu kwa mtu anayejua kuchomelea, si yule wa madirisha na mageti, aitazame kwa macho na kuigonga kwa nyundo pale shingo ya usukani inapoungana na bomba la juu. Hilo siwezi kukujibu kwa maandishi, ufa wa pale hauonekani kwenye picha ya simu.

Kitu kimoja cha DeRosier mchukueni kizima: kile kitufe cha kukata umeme. Ila msikiweke cha kubonyeza, akili ikishtuka kidole hakipati. Wekeni switchi ya kuchomoka yenye kamba, upande mmoja umefungwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ukitoka kwenye kiti kamba inachomoa na injini inazima yenyewe. Spidiwei wanaifunga hivyo. Ni waya mmoja kwenda kwenye koili, chukua jioni moja, ijaribuni pikipiki ikiwa imesimama kwenye stendi ya gereji mara kumi kabla haijagusa uwanja, na mara ya kumi na moja kila siku ya kukimbia.